Namna ya Kusherehekea Fasihi ya Haiti Mkoani Singida Bila Kusoma Ukurasa Hata Mmoja

Kusoma kitabu ni kazi ya mtu mmoja, haina posho na haipigiwi picha. Kusherehekea kitabu ni jambo jingine kabisa: kuna kamati, kuna fulana, kuna maji ya chupa kwenye meza kuu na mgeni rasmi anayechelewa. Ndiyo maana kwetu vitabu vinasherehekewa kuliko vinavyosomwa, na mwongozo huu hauna nia ya kuvunja desturi.

Umeandikwa kwa ajili ya yeyote mkoani Singida, awe wa Mandewa, Ilongero, Kiomboi au Manyoni, aliyepata wazo la kuwakusanya majirani wajadili vitabu vya Haiti. Wazo ni zuri, kwa hiyo ni la hatari. Lisipodhibitiwa mapema watu wanaweza kusoma kweli, na wakishasoma wataanza kuulizana maswali. Fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio wake, na janga hilo litaepukika.

Hatua ya 1: Unda kamati kabla ya kutafuta kitabu

Mnahitaji mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, msemaji na mratibu. Kama kundi lina watu tisa, wawili waliobaki waitwe walezi. Andikeni katiba. Kifungu cha kwanza kihusu kiingilio, cha mwisho kihusu namna ya kumfukuza mwanachama. Neno "kusoma" likilazimika kuwemo, liwekwe kwenye malengo, mahali ambapo hakuna anayerudi kuangalia.

Kisha fungueni kundi la WhatsApp. Litajaa salamu za asubuhi, picha za maua, michango ya harusi na matokeo ya Yanga. Atakayeuliza kitabu kiko wapi, ajibiwe kwamba hoja yake imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Kuna kumbukumbu moja ya kuficha hapa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga na makundi ya kujifunza. Walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi cha redio, kiongozi wa kundi akawasomea kijitabu, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Habari hii ikienea, watu watagundua kwamba majadiliano ya kitabu kijijini si uvumbuzi wa kigeni unaohitaji mfadhili, bali ni kitu ambacho bibi na babu zao walishakifanya. Kamati itakosa kazi.

Hatua ya 2: Ijue Haiti kwa kiasi kinachotosha hotuba

Mgeni rasmi atakuja saa saba kwenye shughuli iliyopangwa kuanza saa tatu. Atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataipongeza kamati kwa kuenzi fasihi ya Tahiti. Msimsahihishe. Tahiti ni kisiwa kizuri katika Bahari ya Pasifiki na hakina ugomvi na mtu.

Akiomba taarifa za kuongezea hotuba, mpeni tatu tu: umaskini, tetemeko la ardhi la Januari 2010, na magenge yenye silaha. Tangu tarehe 25 Juni 2024, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilipotua Port-au-Prince, Afrika Mashariki imepata na taarifa ya nne, nayo pia inahusu risasi. Ishieni hapo. Anayeifahamu nchi kwa maafa peke yake huwa hana maswali magumu.

Msimwambie kwamba watumwa wa kisiwa kile waliasi mwaka 1791, wakalishinda jeshi la Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza dola yao huru. Na hasa msimweleze kilichofuata. Mwaka 1825 Ufaransa ilileta meli za kivita na kuidai Haiti faranga milioni 150, fidia ya mali waliyopoteza walowezi, yaani mashamba pamoja na watu waliokuwa wakiyalima. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa hadi milioni 90, lakini mikopo iliyochukuliwa kulilipa iliendelea kuikamua nchi, na malipo ya mwisho yalifanyika mwaka 1947. Mkulima wa alizeti wa Ikungi aliyewahi kuchukua pembejeo kwa mkopo ataielewa hadithi hii kabla hujaimaliza. Mjadala utahama kutoka huruma kwenda hasira. Huruma ni nzuri kwa risala, haina gharama. Hasira huuliza ni nani aliyelipwa.

Fungieni kabatini pia habari za Makandal, kiongozi wa watumwa aliyechomwa moto hadharani mwaka 1758. Wahaiti husimulia kwamba hakufa: aligeuka mdudu akaruka kutoka kwenye ndimi za moto. Mkiisimulia hadithi hiyo Singida, mzee mmoja wa Kinyaturu atasimama aeleze habari za Liti, mwanamke anayesimuliwa kuwa aliwatimua askari wa Kijerumani kwa kuwaachia nyuki, ambaye jina lake leo liko kwenye uwanja wa mpira wa mjini. Kutoka hapo hakuna atakayesikiliza risala. Watu watataka kujua kwa nini wanyonge wa pande mbili za bahari walikabidhi silaha zao kwa wadudu, na hilo halimo kwenye ratiba.

Hatua ya 3: Kiepukeni kitabu cha Jacques Roumain

Kati ya vitabu vyote vya Haiti, hiki ndicho kibaya zaidi kwa amani ya kamati. Kinaitwa *Gouverneurs de la rosée*, kilitoka mwaka 1944, miezi michache baada ya mwandishi wake kufariki akiwa na umri wa miaka 37. Kwa Kiingereza kilitafsiriwa na Langston Hughes na Mercer Cook mwaka 1947, kikaitwa *Masters of the Dew*.

Ubaya wake ni huu. Kijana Manuel anarudi kijijini kwao, Fonds-Rouge, baada ya miaka 15 ya kukata miwa Kuba. Anakuta ukame. Miti ya mlimani imekatwa, kijito kimekauka, vijana wanahama. Kijiji kimegawanyika pande mbili kwa sababu ya ardhi ya urithi na damu iliyomwagika kwayo, na watu wa upande mmoja hawasalimiani na wa upande mwingine. Manuel anatafuta chemchemi mpaka anaipata, lakini maji yako mbali na bonde. Mfereji hauwezi kuchimbwa na nusu ya kijiji. Lazima mahasimu wapatane, warudie kazi yao ya zamani ya kulima kwa pamoja kwa ngoma na nyimbo, mwenye shamba akiwapikia. Askari wa pale kijijini, Hilarion, hafurahii habari hiyo hata kidogo, maana watu wakishindwa na ukame yeye hujichukulia mashamba yao.

Sasa fikiria kitabu hicho kinasomwa Singida, mkoa wenye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya jua. Hakuna atakayejadili mtindo wala taswira. Mama mmoja atauliza kwa nini kilula cha mtaa wao kina kufuli. Mwingine atauliza fedha za mfuko wa maji zimekwenda wapi, na mbona pampu imekaa bila kutengenezwa. Kijana wa bodaboda atasema mlimani kwao nako miti iliisha, na wote watamwangalia mjumbe mmoja anayefanya biashara ya mkaa. Mzee atakumbusha kwamba zamani hapa watu walialikana kulima, shamba likaisha kabla ya jioni, kisha wakala na kunywa. Na kabla kikao hakijafungwa mtu ataropoka kwamba "kwetu Hilarion ni fulani."

Zaidi ya hayo, Manuel anachomwa kisu na mtu wa upande wa pili, na kabla hajakata roho anamwomba mama yake asimtaje muuaji, ili kisasi kisizike maji pamoja na maiti. Kundi litagawanyika hapohapo. Nusu watasema mama Délira alifanya sawa kunyamaza, nusu watasema haki haiwezi kujengwa juu ya siri. Watabishana mpaka giza liingie, na kwa kuwa hakuna jibu kwenye kitabu, watarudi wiki inayofuata. Hivyo ndivyo kundi la kusoma linavyozaliwa, na ndicho hasa tunachotaka kukizuia.

Hatua ya 4: Kifichieni mbali kitabu cha misukule

Frankétienne, aliyefariki Februari 2025, alitoa riwaya yake *Dézafi* mwaka 1975, wakati Haiti ikiwa chini ya Duvalier mtoto, aliyerithi urais kutoka kwa baba yake. Ni riwaya ya kwanza kuandikwa kwa Krioli ya Haiti, na jina lake limetokana na mashindano ya kupiganisha majogoo. Tayari mmeona tatizo. Singida ni mkoa ambao kuku wake wa kienyeji husafiri kwenye matenga mpaka Dar es Salaam. Wajumbe watatumia kikao chote kutathmini majogoo ya watu wa Haiti.

Wakitoka kwenye kuku wataingia pabaya zaidi. Katika riwaya hiyo mganga katili anawamiliki misukule, anawatumikisha kwenye mashamba ya mpunga, na anahakikisha chakula chao hakina chumvi, kwa sababu msukule akionja chumvi huamka. Binti wa mganga anampenda mmoja wao, anampa chumvi, naye anawaonjesha wenzake. Mengine mnaweza kuyakisia.

Msomaji wa Ulaya huhitaji maelezo ya chini ya ukurasa kuelewa msukule ni nini. Msomaji wa Singida ana jirani anayejua msukule alionekana wapi, shamba la nani na usiku gani. Na mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote yana chumvi. Mtu mwenye akili akiunganisha mambo hayo atauliza swali ambalo Frankétienne alilificha ndani ya hadithi yake asikamatwe: ni akina nani wanaotutumikisha tukiwa macho, na chumvi yetu ni nini? Mgeni rasmi asiwepo siku hiyo.

Hatua ya 5: Waandishi wengine, kwa tahadhari

Dany Laferrière ana manufaa kwa kamati, mradi asisomwe. Mtangazeni kama Mhaiti aliyechaguliwa kuingia Académie française mwaka 2013, akapewa kiti alichowahi kukikalia Montesquieu. Msitaje kwamba alikimbia nchi yake mwaka 1976 baada ya rafiki yake mwandishi wa habari kuuawa. Wala msitaje kwamba mwaka 2008 alitoa riwaya ambayo jina lake linamaanisha *Mimi ni Mwandishi wa Japani*. Katibu ataunda kamati ndogo ya kuchunguza uraia wake.

Edwidge Danticat ni suala jingine. Alizaliwa Port-au-Prince mwaka 1969 na kukulia Marekani tangu alipokuwa na miaka 12. Riwaya yake *The Farming of Bones* ya mwaka 1998 inahusu Oktoba 1937, wakati askari wa dikteta Trujillo walipowaua maelfu ya Wahaiti katika Jamhuri ya Dominika. Inasimuliwa kwamba mtu aliambiwa ataje jina la jani moja la mboga, na aliyeshindwa kuitamka vizuri "r" ya Kihispania alipoteza maisha. Hapa kejeli ya mwongozo huu inapumzika kidogo. Sisi ni hodari wa kuchekeshana kwa matamshi: huyu anachanganya "r" na "l", yule ana lafudhi ya porini. Kitabu hiki kinaonyesha kicheko hicho kinaweza kufika wapi kikipewa panga. Kama kundi lenu linapenda utani wa makabila, lisome kitabu hiki kabla ya vyote.

Samahani. Lisikisome.

Hatua ya 6: Simamieni lugha kwa ukali

Nakala mtakazozipata kirahisi zitakuwa za Kiingereza au Kifaransa. Tangazeni kwamba majadiliano yote yatakuwa kwa lugha ya kitabu. Mama anayeijua njaa ya Fonds-Rouge kwa mwili wake atakaa kimya nyuma, na mwanafunzi aliyekariri neno "themes" atazungumza kwa saa nzima.

Muwe macho na mwalimu yeyote wa sekondari anayejitolea kusoma ukurasa kimoyomoyo na kuusimulia kwa Kiswahili. Huyo ni mhujumu. Leo atasimulia kwa Kiswahili, kesho bibi mmoja ataomba arudiwe kwa Kinyiramba, keshokutwa hadithi itakuwa imeanza kutembea bila kitabu. Wahaiti wenyewe ni mfano mbaya kwenye jambo hili. Mwaka 1953 Félix Morisseau-Leroy alimchukua Antigone, binti wa mfalme katika tamthilia ya Wagiriki wa kale, akamfanya azungumze Krioli jukwaani, lugha ambayo wasomi waliiona ya jikoni. Mwaka 1987 katiba ya nchi ikaifanya lugha hiyo kuwa rasmi pamoja na Kifaransa. Walimu wa Haiti walikuwa wasumbufu hata katika ujirani wetu: Congo ilipopata uhuru mwaka 1960 na kukosa wataalamu, wengi wao walikwenda kufundisha huko. Mtengenezaji filamu Raoul Peck, aliyetoa filamu kuhusu Lumumba mwaka 2000, alikulia Léopoldville kwa sababu hiyo.

Jambo la kukataza kabisa ni kufungua kikao kwa njia ya Wahaiti. Msimulizi wao huuliza "Krik?" na wasikilizaji hujibu "Krak!" ndipo hadithi inaanza; Danticat ameupa mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1995 jina hilo. Mkithubutu, ukumbi mzima utacheka na kujibu "pakawa", watoto watasogea mbele, na itifaki itakuwa imevunjika.

Hatua ya 7: Pangeni siku isiyowezekana

Vikao vifanyike Januari na Februari, wakati kila mwenye jembe yuko shambani. Mkishindwa, vifanyike saa ileile Simba na Yanga zinapocheza. Msiviweke kamwe kiangazi baada ya mavuno ya alizeti, watu wakiwa na nafasi na fedha kidogo mfukoni. Na vijana wakianza kuulizia Haiti ina nini cha maana, asitokee mtu wa kuwaambia kuhusu Emmanuel Sanon, ambaye katika Kombe la Dunia la mwaka 1974 alimfunga Dino Zoff wa Italia, kipa aliyekuwa hajafungwa kwa zaidi ya dakika 1,100 katika mechi za timu ya taifa. Kijana aliyeingia kwa mlango wa mpira huenda akatoka na kitabu.

Hatua ya 8: Andikeni ripoti

Ripoti iandikwe kabla ya shughuli ili picha zikipatikana zibandikwe tu. Changamoto iwe upungufu wa fedha. Mapendekezo yawe semina. Idadi ya vitabu vilivyosomwa iwekwe kwenye kiambatisho, na kiambatisho kisiambatishwe.

Ikiwa mwongozo huu utashindwa

Inaweza kutokea. Kuna watu wakaidi wasioheshimu utaratibu. Mwalimu mmoja na majirani wachache wanaweza kukaa kwenye benchi za shule jioni, kukisoma kitabu cha Roumain sura kwa sura, kukisimulia, kubishana na kurudi tena. Hawatakuwa na jina, bango wala mlezi. Lakini watamjua Manuel kuliko sisi tuliochapisha sura ya mwandishi kwenye fulana, na siku kamati ya maji itakapoitisha mkutano watakuja wakiwa wamejiandaa.

Kwa hao wakaidi nina neno moja bila kejeli. Fasihi ya Haiti haiwahitaji muionee huruma, na wala haiwahitaji muipongeze. Iliandikwa na watu waliokosa maji, waliodaiwa deni la uhuru wao wenyewe, waliochekwa kwa lugha yao na waliotishwa na watawala wao. Singida mna sifa zote za kuisoma. Anzeni na kitabu kimoja, kisomeni kwa sauti, kisimulieni kwa lugha mnayoitumia mkigombana. Na mweka hazina arudishe fedha za fulana, zinunue nakala ya pili.